Mchanga Kwenye Mlango wa Gari

Kila Ijumaa baada ya shule, Edah aliosha sufuria zote za nyumbani kwao Kimilili, kando ya barabara itokayo Bungoma kwenda Kitale. Alizisugua kwa mchanga mpaka mtu akajiona uso ndani yake, na mama yake alimsifu kwa majirani. Kwa hiyo baba yake, Mzee Wepukhulu, alipomwambia aoshe na gari, Edah hakuona ugumu wowote.

Lilikuwa gari jeusi, kuukuu, ambalo baba alilinunua mwaka huo wa 1954 kwa mahindi ya misimu mitatu. Kesho yake lingempeleka dada yake, Sellah, kanisani kuolewa. Edah aliondoa tope lote, lakini mlangoni ukabaki mchirizi wa rangi nyeupe, pale baba alipolikwaruza kwenye lango jeupe la soko. Maji yalishindwa. Sabuni ikashindwa. Edah akachota mchanga.

Alisugua kwa nguvu, mzunguko juu ya mzunguko, kama anavyosugua sufuria ya ugali. Akamwaga maji. Mchirizi ulikuwapo bado, na sasa mikwaruzo myembamba iliuzunguka kama utando wa buibui. Akaingia jikoni kimya, akaanza kumenya viazi.

Baba aliporudi, aliuona mlango mara moja.

"Hawa ni ng'ombe wa Kipketer," alisema. "Si walipita hapa saa tisa? Leo tutaonana."

Edah alimsikia. Alijua pia kwamba watoto wawili tu ndio wangepanda gari na bibi harusi, naye alikuwa mmoja wao. Akaendelea kumenya.

Mzee Kipketer, jirani yao, aliitwa. Aliinama, akautazama mlango kwa muda.

"Wepukhulu, ng'ombe wangu wana pembe, ndiyo. Lakini kukwaruza kwa kuzungusha namna hii wamefundishwa na nani?"

"Usinichezee, bana. Kuanzia kesho wasipite kwangu kwenda mtoni."

"Basi watakunywa wapi?"

Baba aliinama tena mlangoni. Kipketer aligeuka, akaanza kuondoka polepole, kichwa chini. Edah alipouona mgongo ule, aliweka kisu chini, akatoka jikoni.

"Baba, ni mimi. Nilisugua na mchanga."

"Na uliposikia namshtaki mtu?"

"Nilinyamaza. Niliogopa utaniacha kesho."

Kipketer alisimama, akarudi akicheka. "Ati mchanga! Huyu akiolewa, mumewe atapikiwa kwenye sufuria zenye matundu. Haya binti, lete maji safi na kitambaa laini. Mimi nimeosha magari ya mzungu huko Kitale miaka saba."

Aliosha mlango hadi chembe ya mwisho ya mchanga ikatoka, akaufuta ukakauka. Kisha alipitisha ukucha juu ya mikwaruzo. "Ukucha ukiteleza, mkwaruzo ni wa juu tu, utatoka. Ukinasa, mwachie fundi wa rangi." Ukucha ulinasa mara moja tu.

Mchirizi mweupe aliufuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Kwa mikwaruzo alileta kopo la dawa ya kung'arishia vitasa vya shaba, akampa Edah asugue. "Pole pole. Hii si sufuria." Mwisho wakapaka nta ya nyuki, wakaiacha ikauke, wakaifuta kwa kipande cha blanketi. Kabla jua halijazama, mlango ulikuwa uking'aa, isipokuwa mstari mmoja mwembamba.

"Nisamehe, jirani," baba alisema. "Nilihukumu kabla ya kuuliza. Njia ni yako kama zamani."

"Yamekwisha."

Kisha baba akamgeukia Edah. "Mchanga ulikuwa kutojua, na kwa kutojua sikuchapi. Lakini kunyamaza ulijua. Ng'ombe wa watu wangelala na kiu kwa ajili ya woga wako. Ukiharibu kitu, mwanangu, sema wewe mwenyewe, kabla mwingine hajabebeshwa lawama."

"Ndiyo, baba."

"Kesho utapanda. Lakini utakaa kando ya mlango huohuo, na wageni wakiuliza mstari ule ni wa nini, wewe ndiye utakayewaeleza."