Wimbo Ulioleta Blanketi

Kila asubuhi Fabiola alifua mashuka ya gesti huku akiimba Kiingereza. Gesti hiyo ya Haydom ilikuwa ya shangazi yake, Kornelia. Simu ilikaa mfukoni mwa aproni, na sauti ilipanda juu ya beseni. Watu wanasema upepo uliibeba sauti hiyo mpaka Basotu, na viboko wa ziwani wakatoa vichwa majini kuuliza nani huyo. Asiyeamini akawaulize viboko.

Wimbo alioupenda ulikuwa mmoja. Aliujua wote. "Baby, the night is cold, bring me your light." Aliimba bila kukosea hata pumzi. Maana yake? Hilo hakuwahi kujiuliza.

"Huyu Kiingereza kimemjaa," shangazi aliwaambia majirani. "Nitamtoa kwenye mashuka, nimweke mapokezi."

Fabiola aliitaka sana kazi hiyo. Sabuni ilikuwa imemchubua vidole.

Basi jioni moja akaja mgeni, mzee wa Kizungu mwenye mvi tupu. Alikuja kumtembelea binti yake anayefanya kazi hapo mjini. Baridi ya Haydom ikamkuta na shati jepesi. Akasimama mapokezi amejikunyata, akasema kwa upole, "The night is cold. Please bring me a blanket."

Fabiola, aliyekuwa anapita na mashuka, hakuelewa hata neno moja. Lakini utamkaliaje kimya mzee? Akachukua neno aliloliimba kuliko yote.

"Yes, baby!"

Mzee alicheka mpaka akashika meza. Gerald, dereva aliyemleta, alimgeukia Kornelia. "Mama, huyu binti amemwita mzee mpenzi."

"Mzee wa kuamkiwa shikamoo?" Kornelia alishika kichwa. "Fabiola! Hata marehemu babu yako amesikia huko aliko! Na alichoomba umempa?"

"Kwani ameomba nini, shangazi?"

"Blanketi," alisema Gerald.

Kornelia alilipeleka mwenyewe. Aliporudi, hakupandisha sauti. "Mzee anakwenda Hanang kutembea. Jumamosi anarudi na wenzake. Ukishindwa kuwapokea, namwita Irene kutoka Dongobesh akae mapokezi. Wewe utabaki na beseni lako."

Kesho yake Mwalimu Helena alikuja kununua maziwa ya ng'ombe wa Kornelia. Ni jirani yao, anafundisha watu wazima kusoma. Alimkuta Fabiola anakamua mashuka kimya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Leo redio imeharibika?"

Fabiola akamweleza yote. "Nyimbo zimenidanganya, mwalimu. Siimbi tena."

"Hazijakudanganya. Nyumbani kwenu mlisema Kiiraqw. Kiswahili ulikipata wapi?"

"Shuleni. Mwalimu akisema 'simameni', tunasimama. Akisema 'lete chaki', naleta."

"Hamkuwa mnaimba tu 'simameni, simameni' huku mmekaa?"

Fabiola akacheka. "Tungechapwa!"

"Basi Kiingereza umekiimba huku umekaa. Leta simu."

Mwalimu alitafuta maneno ya wimbo yaliyoandikwa. Akaufungulia wimbo, akausimamisha kwenye mstari mmoja. "Usikimbilie wimbo mzima. Sikiliza mstari, usome, utafute maana, kisha ufanye kile unachosema. Night ni usiku. Cold ni baridi."

Fabiola akajikunyata.

"Bring ni lete. Bring the milk, please."

Fabiola alisita kidogo, kisha akamletea ndoo ya maziwa. Ghafla akasimama. "Mwalimu! Mzee alisema hayahaya! Yote nilikuwa nayo mdomoni!"

"Isipokuwa please, tafadhali, na blanket. Hayo utaongeza. Kwenye wimbo wanaomba mwanga, light. Toa light, weka blanket. Kesho weka water, maji. Keshokutwa weka soap, sabuni. Mstari mmoja unakupa sentensi nyingi."

"Na lile baby?"

"Hapo ndipo ulipoteleza. Kila neno liulize: nani anamwambia nani? Huo ni wimbo wa wapenzi, shikamoo hawaijui. Mgeni mwanamume mwite sir. Mwanamke, madam. Ukiwa na shaka, uliza kabla hujasema."

Tangu hapo gesti haikupumua. Fabiola alitandika kitanda kwa Kiingereza, akafagia kwa Kiingereza. Mbuzi wa jirani alizoea kuitwa "come", mpaka akiitwa kwa Kiswahili anageuza uso.

"Bring soap!" Fabiola alimpigia kelele shangazi yake kutoka uani.

"Nani anamtuma nani?" aliuliza Kornelia.

"Bring soap, please, madam!"

Sabuni ikaja.

Jumamosi jioni gari lilifika. Mzee alishuka na wenzake, wanatetemeka wote. Fabiola alisimama mapokezi. Maneno yalikuwa tayari.

"Good evening, sir. The night is cold. I will bring blankets."

Akaenda, akarudi na blanketi kifuani mpaka kidevuni.

Mzee alifurahi kupita kiasi. Akamwinamia Kornelia aliyesimama pembeni, akamshukuru kwa Kiswahili alichookota kwenye nyimbo za redio ya gari.

"Asante sana, mpenzi wangu!"

Gerald akaangalia dari.

Fabiola akasogea. "Please, sir," alisema taratibu. "Mpenzi, no. Say mama."

Mzee akaweka mkono kifuani. "Asante, mama."

"Umemwambia nini?" aliuliza Kornelia.

"Nimemwambia, tafadhali asiseme mpenzi. Aseme mama."

Kornelia alifungua pochi, akatoa funguo za mapokezi, akaziweka mezani mbele ya Fabiola.

"Irene akae hukohuko Dongobesh," alisema. "Na huo wimbo utanifundisha. Mstari mmoja mmoja."