Picha ya Kipimo

Mambo yalianza kwa bibi harusi mmoja. Alirudisha picha zake studio asubuhi, hakugombana, aliziweka tu mezani zikitazama chini na kusema hawezi kulala nazo nyumba moja. Mwenye studio, ambaye watu wote walimwita Fundi, akazigeuza. Kwenye skrini ya kompyuta yule dada alikuwa amenawiri. Kwenye karatasi uso wake ulikuwa wa kijivu, kama mtu aliyekwisha kuoshwa anasubiri kuzikwa. Na karatasi zilinuka. Fundi akasema ni wino. Mkewe, aliyefanya naye kazi humo humo, akasema wino haunuki nywele zilizoungua.

Printa yenyewe ilikuwa ya mtumba. Aliyeiuza alikuwa amefunga studio yake ghafla, na siku ya kuichukua hakutaka hata kuingia chumbani. Alisimama mlangoni akaionyesha kwa kidole. Mtu mwingine angejiuliza. Fundi alijiona mjanja, akaibeba.

Sasa, kazi ya picha ina taabu yake. Skrini na printa hazielewani zenyewe, lazima uzipatanishe, la sivyo unaona hiki kwenye kompyuta na karatasini kinatoka kingine. Hawa wawili walikuwa na njia yao tangu walipooana. Picha ya mke, iliyopigwa dirishani mchana, ndiyo ilikuwa kipimo. Wanaichapa, mke anakaa pale pale dirishani, anaishika karatasi karibu na shavu, na Fundi anapunguza mwanga wa skrini, anaongeza wekundu, anatoa umanjano, mpaka skrini, karatasi na mtu mwenyewe wawe kitu kimoja. Mke ndiye mwenye neno la mwisho. Uso ni wake, bwana.

Basi wakaichapa. Printa ikakohoa, ikavuta pumzi, maana mimi sina neno jingine la kuuita mlio ule, ikatoa uso wa kijivu. Mke akauweka shavuni, akajitazama katika kioo cha wateja, akaushusha haraka.

"Huyu si mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Mume wangu, nakuomba, irudishe hii mashine."

Fundi hakuambilika. Alimwambia anadeka, wateja wanasubiri, na kwamba siku hizi anaona mashetani hata kwenye sufuria. Kisha akamwondoa dirishani. Akasema mtu mwenyewe anamchelewesha, skrini na karatasi zikipatana inatosha. Akakaa mbele ya kompyuta na kuivuta skrini iifuate karatasi: akatoa damu kwenye midomo, akafifisha macho, akapunguza uhai wa uso ule kidogo kidogo kwa kidole chake mwenyewe, huku mwenye uso amesimama nyuma yake anamsihi aache. Baadaye alijitetea kwamba alitaka tu kujua mapema printa itatoa nini, ili azirekebishe picha za watu. Ni kweli, mafundi hufanya hivyo. Lakini aliyekuwa nyuma yake alisema hapana, na yeye alimsikia.

Skrini na karatasi zilipofanana, printa ikanyamaza. Fundi akafurahi.

Kesho yake mke alilalamika baridi. Akajifunika khanga mbili mchana wa jua kali. Midomo yake ikaanza kupauka, akaacha kula, akaacha kubishana, na hilo la kubishana lingetosha kumshtua mume yeyote mwenye akili zake. Huyu alishukuru kapata utulivu.

Jioni moja, kabla ya kufunga duka, alisikia chumba cha nyuma kinahema, akadhani ni printa, akakumbuka kwamba waya wake ameuchomoa mwenyewe mchana, akaingia hivyo hivyo, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikamjaa puani hadi machozi yakamtoka, akamwona mkewe amekaa dirishani mgongo wima, akamwita, na uso ukageuka kwanza, ukamwelekea, kisha macho yakafuata taratibu, yamechelewa, kama yanatafuta mahali pa kukaa. Fundi akaiokota picha ya kipimo na kuiweka karibu na shavu lile. Hapakuwa na tofauti yoyote.

Alikimbilia kwa mama mkwe wake. Mama huyo hakumlaumu wala hakulia. Alivaa viatu akamfuata mganga, mwanamama mtaratibu asiyependa maneno mengi. Mganga aliingia chumbani, akaweka kiganja juu ya printa, kisha kwenye paji la uso la yule aliyekaa kitini. Akamvuta Fundi kando.

"Jini huyu aliomba uso," alinong'ona. "Mwenye uso alimkatalia. Wewe ukamkubalia."

"Sikujua, mama."

"Sijakuuliza kama ulijua. Aliyekubali ndiye akatae. Mpe mgongo huyu aliyekaa, na hiyo kompyuta uizime. Niambie mkeo alivyo usoni, yeye na si picha yake. Ukimpata, jini hana pa kushika. Ukimkosa, umekubali mara ya pili, na mimi sitakuwa na la kufanya. Na wewe, mama mkwe wake, usimsaidie."

Kompyuta ikazimwa. Fundi akageukia ukuta, akafumba macho. Akaanza na rangi. Akasema ni maji ya kunde, yenye wekundu kidogo upande wa mwanga. Mganga akatikisa kichwa, akamwambia hayo ni ya kazini. Akasema ana macho mazuri. Akaulizwa yakoje, akasema ni mazuri tu. Akaulizwa mkewe akicheka uso unafanyaje. Alitafuta kichwani mwake siku walipooana, alitafuta wakila, wakigombana, wakilala kitanda kimoja, na kila alipougeuza uso ule umwelekee alikuta ni wa kijivu. Mlangoni mama mkwe alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, kila kitu anakijua na haruhusiwi kukisema.

Fundi akafumbua macho. Akageuka, akaichukua ile picha ya kipimo na kuiinua mbele ya mganga.

"Yuko hivi," alisema.

Mganga alikusanya vitu vyake. Mama mkwe aliachia mikono, akapiga ukelele mmoja, akaketi chini pale pale. Na aliyekuwa kitini akainuka, akajifunga khanga vizuri, akamsogelea Fundi na kumshika mkono kwa upole. Akamuuliza leo angependa apikiwe nini.