Nilitoa Mikorosho ya Mke Wangu Nikapewa Gari Lisilo na Paa

Nina miaka sabini na moja, ndugu wasomaji, na naandika haya nikiwa Nachingwea, peke yangu, mbele ya gari ambalo sijui niliite mali au kaburi langu...

Ni dogo, jekundu, la viti viwili, halina paa. Nililiona mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Lilipita likinguruma, nywele za dereva zikipeperuka. Tangu siku ile sikupona!

Uzeeni nikasikia lipo Chinongwe, kule Ruangwa, bandani kwa Mzee Chitanda. Hakutaka fedha. Alitaka mikorosho.

Huku kwetu mti ni wa aliyeupanda, hata ardhi ikiwa ya mwingine. Na mikorosho yote ya shambani aliipanda mke wangu, Somoe, mtoto akiwa mgongoni. Nilijua! Lakini Somoe alikuwa msibani Kiegei. Nikaita mashahidi, nikatamka, "Mikorosho yangu," nikamkabidhi Mzee Chitanda, nikaondoka na gari. Nani angembishia mzee mzima?

Somoe aliporudi alilizunguka gari.

"Baba Zainabu," akasema, "hili halina hata pa kuweka gunia. Na mvua je?"

Nikacheka... Kesho yake akafunga kanga zake, akarudi kwa kaka zake.

Gari lilitembea wiki chache, likazima. Kila fundi alifungua boneti, akatikisa kichwa. Vijana wa sokoni wakanipa jina: "Mzee Kiyoyozi! Paa umemuuzia nani?"

Mwaka huu akaja mgeni kutoka Dar, akalipapasa kama mtoto mchanga, akataka kulinunua kwa fedha taslimu. Safari hii Mzee Chitanda akakubali apokee fedha hizo, mikorosho irudi kwa Somoe. Shemeji zangu wakaja kushuhudia. Mgeni akanyoosha mkono apewe ufunguo... Jamani, vidole vyangu vilikataa kufunguka!

"Shemeji, mpe basi! Dada yetu anasubiri!"

Nikasema siuzi. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu!

Msimu huu nimemwona Somoe. Anaokota korosho kwa kibarua, chini ya mikorosho aliyoipanda kwa mikono yake. Hakunitazama. Nami nilikuwa nimeketi kando ya shamba, ndani ya gari lisilokwenda, mvua ikininyeshea kichwani.

Nawasihi, wanaume wenzangu, mkipenda kitu kipendeni kwa jasho lenu, si la mwenzenu. Na mkipewa nafasi ya kukiachia, kiachieni siku ileile. Mgeni hajarudi tena. Ufunguo ninao mfukoni, na hata leo... siwezi kuutupa.