Mwizi Aliyebeba Jiwe

Pikapu haikuwepo. Pale ilipozoea kulala palibaki doa la oili, majani yaliyopauka kwa kukosa jua, na mzee mmoja aliyesimama katikati akiwa amenyoosha mkono mbele, kama mtu anayepapasa ukuta.

Inspekta alisimama getini kwanza, apumzishe miguu. Ilikuwa imevimba tangu asubuhi. Alikuwa mama wa makamo aliyeshasogea umri, mwenye wajukuu, na siku hizi kila jalada jipya lilimwelemea kama gunia la mchanga. Konstebo wake alikuwa keshaanza kukagua kufuli.

"Iliondoka lini, mzee?"

"Jana mchana, mvua ilipokuwa inapiga bati. Nilikuwa nimejilaza. Mvua ile, hata wangepiga ngoma humu ndani nisingesikia."

"Kufuli halikuvunjwa, afande," alisema konstebo. "Limefunguliwa taratibu."

"Ufunguo wa gari?"

Mzee akautoa mfukoni mwa shati. "Silali bila huu."

"Na wa akiba?"

"Uko kwa Spana, fundi wangu. Yule ni mdogo wangu kabisa, tofauti ni tumbo tu." Kisha akakunja uso. "Ila kuna jambo linanikera. Wamebeba na jiwe langu."

"Jiwe gani?"

"La kuzuia tairi la nyuma. Breki ya mkono imechoka, haishiki. Sasa mwizi gani anaiba jiwe, binti yangu?"

Konstebo aligeuka pembeni acheke. Inspekta hakucheka. Muda mrefu hakuna aliyemwita binti.

Mke wa mzee akatoka na chai. Alikuwa mwembamba, mfupi, na nyuma yake mjukuu wa kike aliyeng'ang'ania gauni. Hakuweka kikombe mezani. Alimshika mumewe mkono, akamwekea kikombe kiganjani, akakigeuza mpaka sikio la kikombe likakutana na vidole. Inspekta akalainika moyo. Wazee hawa, alijiambia, bado wanapendana.

"Andika kwamba haina mkwaruzo," alisema mzee. "Hata mmoja. Nimebeba mbao, nimebeba makabati ya maharusi, nimebeba wagonjwa. Rangi yake ni ileile niliyoinunua nayo."

Konstebo akaandika. Mke akatazama chini.

Spana walimkuta chini ya lori, miguu mirefu imetoka nje. Alipojinyoosha kusimama ilibidi wote wawili wainue shingo.

"Ufunguo wa akiba wa pikapu ya mzee uko wapi?"

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe. "Haupo."

"Umempa nani?"

"Sikumbuki."

"Spana, mtu anasahau ufunguo wa gari la watu?"

"Mimi nasahau hata kula, afande. Si unaniona nilivyo?"

"Jana mvua ikinyesha ulikuwa wapi?"

"Hapahapa."

"Nani alikuona?"

"Mvua."

"Usinifanyie mzaha. Nitakuweka ndani."

"Basi niweke," alisema fundi kwa upole, bila kiburi chochote. "Nitapumzika kidogo."

Inspekta akamweka ndani. Hakupenda, lakini mkuu wa kituo alitaka mshukiwa, na mshukiwa alikuwa ndiye huyo.

Siku iliyofuata konstebo aliingia ofisini akikuna kichwa. "Afande, dunia imepinduka. Mke wa mlalamikaji yuko kaunta. Kamletea mshukiwa chakula."

Inspekta alitoka. Mama yule alikuwa amekaa kwenye benchi, bakuli limefungwa vizuri kwa kitambaa.

"Mama, unajua huyu ndiye tunayemshuku kwa gari lenu?"

"Najua, mwanangu. Lakini ana vidonda vya tumbo. Akikaa na njaa anaumwa." Akasita. "Mtamweka mpaka lini?"

"Kesho anapelekwa mahakamani. Gari lisipopatikana, anaweza kufungwa."

Mama akalishika bakuli kwa mikono miwili, akamnyooshea. Inspekta alilipokea, akalipeleka mahabusu mwenyewe. Spana alipoliona aliinamisha uso, na kwa mara ya kwanza macho yake yakalowa.

"Unamlinda nani?" Inspekta aliuliza.

"Nakula kwanza, afande."

Mchana huohuo mwokota vyuma chakavu alifika kituoni. Alikuwa ameona gari zima limefunikwa turubai kwenye kiwanda cha matofali kilichofungwa zamani. Alisema angeweza kulikata vipande, ila mtu aliyelifunika alilifunika vizuri mno, akaona vibaya.

Wakaenda. Konstebo alivuta turubai na pikapu ikatokea, safi kama inayongoja abiria. Nyuma ya tairi, jiwe.

Inspekta aliinama, magoti yakalia. Alizunguka gari polepole. Alifungua boneti. Waya wa betri ulikuwa umechomolewa na ncha yake kufungwa kitambaa safi, isiguse chuma. Alifungua kifuniko cha rejeta, akatumbukiza kidole. Maji yalikuwa mpaka juu.

"Mwizi huyu ana adabu," alisema konstebo. "Nichukue alama za vidole?"

"Subiri. Kaa kwenye kiti cha dereva."

Konstebo alijaribu. Magoti yaligonga usukani kabla makalio hayajafika kitini. Kiti kilikuwa kimevutwa mbele mpaka mwisho.

"Spana angeingiaje hapa?" aliuliza Inspekta.

"Angekunjwa kama shuka, afande."

Kisha Inspekta akaona ubavu wa kushoto. Mikwaruzo. Si mmoja. Mirefu, mifupi, mingine mibichi, mingine ya zamani iliyopakwa rangi inayokaribia kufanana na ile ya gari, lakini haifanani. Taa ya nyuma ilikuwa imeunganishwa kwa gundi. Alikumbuka sauti ya mzee: hata mmoja. Alikumbuka mkono ulionyooshwa uani. Alikumbuka sikio la kikombe.

Alikaa juu ya rundo la matofali. Uchovu wote wa miaka ya kazi ulimshukia mabegani.

"Rudishia turubai," alisema. "Rejeta inavuja, ona matone pale chini. Lakini imejaa. Kuna mtu anakuja kuinywesha. Tutamngoja."

Hawakungoja sana. Jua lilikuwa bado juu mama yule alipoingia, jagi mkononi. Alifunua turubai, akapangusa kioo kwa upindo wa gauni, akapanda juu ya tofali afikie boneti. Alimimina maji taratibu, kama anayemnywesha mtoto dawa.

"Bado inavuja, mama?" Inspekta aliuliza kwa sauti ya chini, asimshtue.

Mama hakukimbia. Alimaliza kumimina, akafunga kifuniko.

"Inavuja. Nikiiacha kavu itaoza, naye akija kujua imeoza, itamuua."

"Uliiendesha mwenyewe?"

"Mwenyewe. Ufunguo nilimwomba Spana. Hakuniuliza wa nini. Ndiye aliyekuwa anapaka rangi ile mikwaruzo, namwita aje uani mzee akiwa amejilaza, namwambia asiseme. Alijua, mwanangu. Nilidhani mtatafuta siku mbili mchoke, muache. Sikujua mtamkamata mtu." Sauti ikakatika. "Mtoe yule. Nifunge mimi."

"Kwa nini, mama?"

Mama alikaa kwenye matofali pembeni yake. Wanawake wawili, miguu ya wote imechoka.

"Mume wangu haoni. Ilianza kama ukungu. Nikawa napanda naye kila safari, namwambia njiani kama mazungumzo tu: mama yule kabeba mzigo mkubwa, ona ng'ombe wale. Anaelewa, anapunguza. Hospitali hataki kusikia. Majuzi alirudisha gari nyuma uani mimi nikiwa jikoni. Mjukuu alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari, anacheza na lile jiwe." Alishika shingo ya gauni lake mwenyewe, akaonyesha. "Nilimvuta hapa. Gauni likachanika. Mzee akashuka akaniuliza mbona napiga kelele. Nikamwambia nimeona panya."

Konstebo, aliyekuwa na utani kwa kila jambo, alivua kofia.

"Ungemwambia."

"Nimwambie mwanaume yule kwamba karibu amuue mjukuu wake? Heri aamini kuna mwizi. Angemchukia mwizi, akapona. Mwenyewe akijichukia, atapona lini?"

Inspekta aliinuka. "Nitamtoa Spana sasa hivi," alisema. "Lakini mzee lazima aambiwe, mama. Na si mimi wa kumwambia."

Konstebo aliwaleta mzee na Spana kwa gari la polisi. Spana alishuka kwanza, akamshika mzee mkono juu ya vifusi. Mzee aliisogelea pikapu yake akitabasamu, akaweka kiganja ubavuni. Kiganja kikateleza, kikasimama. Vidole vikaanza kufuata mkwaruzo, wa kwanza, wa pili, mpaka nyuma. Tabasamu likaisha.

"Nani kafanya hivi?"

Mke wake akamwambia. Alimwambia yote, na la mjukuu na la gauni, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mumewe, juu ya chuma. Mzee alishuka polepole mpaka akakaa juu ya jiwe lake mwenyewe, nyuma ya tairi, akafunika uso.

"Kwa hiyo yule panya," alisema baadaye.

"Hakukuwa na panya."

Walimwacha alie. Kisha akainua kichwa, akaielekeza sura yake kwa sauti ya mkewe, kombo kidogo.

"Gia ya pili uliipataje? Inagoma."

"Unaisukuma kulia kwanza. Ulinifundisha kabla hatujapata mtoto. Umesahau."

"Nimesahau," alisema mzee. Alijipapasa mfuko wa shati, akatoa ufunguo ambao hakuwahi kulala bila kuwa nao, akaushikilia hewani mpaka mke wake akaupokea.

"Twende nyumbani. Kesho nipeleke huko hospitali."

Spana alirudishia waya wa betri. Mzee alilizunguka gari akilipapasa, akapata mlango wa kushoto, mlango ambao hakuwahi kuingilia, akapanda.

Injini iliwaka. Inspekta aliinama, akaondoa jiwe, akaliweka nyuma, kwenye bodi, maana nyumbani lingehitajika. Pikapu ilipoanza kusogea, sauti ya mzee ilisikika dirishani:

"Toa mguu kwenye klachi, mama, unaniunguzia gari!"

"Nyamaza," mkewe akamjibu. "Sasa wewe ndiye abiria."