Utando wa Daktari Jedidah

Probox nyeupe iliipita Awendo kama gari la mtu anayedhani wizi ni kazi ya akili.

Scovia alikuwa mita mia mbili nyuma yake, juu ya pikipiki ya Boxer iliyochakaa, bastola ya Glock chini ya koti, gunia la sukuma wiki nyuma ya kiti. Nani humtazama mtu wa boda mara mbili? Kwa idara yake ya upelelezi, hiyo ndiyo sare bora.

Simu iliita ndani ya helmeti. Alikuwa Mubarak, mkuu wake.

"Uko wapi?"

"Natoka Awendo. Nawaona."

"Wasivuke mpaka wa Isebania. Na usifyatue risasi karibu na ile sahani."

"Nimeelewa."

Sahani yenyewe ilikuwa kioo cha ukubwa wa kiganja. Juu yake palikuwa na utando wa grafini, kaboni nyembamba isiyoshikika. Kwa miaka minne, katika maabara yake ya Homa Bay, Daktari Jedidah aliupunguza unene kwa leza, tabaka moja baada ya jingine, ili siku moja uchuje sumu kwenye maji ya ziwa. Yalibaki matabaka mawili. Hakuwa na sahani nyingine iliyofika hapo.

Jana asubuhi alilikuta kabati tupu. Leza nayo haikuwepo.

Mwizi alikuwa Walter, msimamizi wa maabara, mtu wa tai na mihuri. Miaka yote hiyo alitia sahihi kila karatasi na hakuigusa mashine hata siku moja. Scovia alimdharau kwa moyo wote. Mwizi wa kuku angalau anamjua kuku.

Ndani ya Probox, kando ya Walter, alikaa mnunuzi, Kessler, mgeni aliyewaita watu "rafiki yangu" kisha akapangusa mkono kwa leso.

Walipofika Uriri, Probox ilikata kona na kuingia kwenye karakana ya kuchomelea mageti.

Scovia alielewa mara moja. Kessler alitaka kuona leza ikifanya kazi kabla ya mpaka. Wajinga wawili, stima ya kuazima.

Aliisukuma Boxer hadi kwa Mniko, fundi wa karakana hiyo, akidai stendi yake imevunjika. Hatua kumi na mbili kutoka hapo, chini ya banda, Walter alikuwa ameshaichomeka leza na kuiweka sahani mahali pake. Bastola ya Kessler ilitokeza kiunoni.

"Haraka," alisema Kessler. "Sina siku nzima, rafiki yangu."

"Relax. Hii kitu nimefanya miaka mingi."

Walter alishika swichi ya nguvu, akaizungusha mpaka mwisho, kisha akaanza kutafuta kitufe cha kuwashia.

Scovia aliingiwa na hofu. Bastola haikumtisha, kidole cha Walter ndicho kilichomtisha. Jedidah alimwambia wazi: nguvu ikizidi, hata tabaka la mwisho linaungua, na hakuna cha kurudisha.

Aliinama kwa fundi.

"Fundi, ukiwasha welding, stima ya hapo kwa banda inakuwaje?"

"Inaanguka kabisa, dada. Hata wenye posho mill hunitusi, mahindi yao yakikwama."

"Washa. Ile kubwa."

Mniko alishusha kinyago, akagusa chuma.

Cheche ziliruka. Taa ya banda ikafifia. Walter akabonyeza; leza ikalia mara moja, ikazimika.

Mtu yeyote wa hapa angemuuliza fundi kwanza kama anachomelea. Walter alikuwa mkubwa mno wa kumuuliza fundi jambo.

Aliwasha tena. Mniko akagusa chuma tena. Leza ikazimika tena.

"Umeniletea takataka!" Kessler alimkaba Walter kwa tai yake, mgongo ukimwelekea Scovia.

Scovia hakuhitaji zaidi. Mdomo wa Glock ulitua shingoni mwa Kessler.

"Bastola chini. Polepole, rafiki yangu."

Ilianguka kwenye vumbi.

"Wewe ni nani?" Walter alibweka. "Unajua mimi ni msimamizi wa..."

"Kaa chini, Walter."

Alikaa. Scovia aliwafunga wote wawili pingu kwenye geti la Mniko ambalo halijapakwa rangi, akaiweka sahani kwenye kisanduku cha sponji, kisha akapiga simu Homa Bay.

"Daktari, ninayo. Iko nzima."

Jedidah alilia bila kujificha.

"Walter aligusa leza?"

"Alijaribu."

"Aliweka nguvu kiasi gani?"

Scovia alimtazama Walter, tai begani, vumbi magotini.

"Yote."

Upande wa pili kilio kiligeuka kicheko.

"Na huyo," alisema Jedidah, "ndiye aliyekuwa akinisahihishia ripoti."

Gari la idara lilipokuja kuwachukua wale wawili na leza, Scovia alivaa helmeti, akaiwasha Boxer kwa teke moja, akaondoka.