Jani Lisilokauka

Rangi ya jani moja ilikataa kukauka.

Fundi wa mabango alikuwa akichora mti wa ukoo kwenye ukuta wa sebule ya mama yake, kila jani na jina lake, ili bibi, aliyekuwa ameanza kusahau, awe na mahali pa kuwatazama watu wake. Majani mengine yalikauka siku ile ile. Hili, la kando ya jani la bibi, ambalo lilikuwa bado halina jina, lilishinda likichuruzika maji. Fundi aliilaumu rangi, akamlaumu na muuza rangi.

"Hilo ni la mdogo wake bibi yako," mama alinong'ona. "Lifute."

"Niandike jina tu, mama. Jina lina ubaya gani?"

"Ukiandika jina, watauliza alikufaje. Ukisema alijitupa kisimani, watauliza ile mimba ilikuwa ya nani. Na ilikuwa ya babu yako. Nyuso zetu tutaziweka wapi?"

Fundi alilitazama jina la babu, alilolichora kubwa shinani kwa mapenzi yote. Akalifunika jani kwa rangi ya ukuta.

Basi mchana kweupe, feni ikizunguka na redio ikiimba jikoni, harufu ya kisima ikajaa sebuleni, na ukuta ukaanza kuvuja, kwanza tone moja moja, kisha kama mtu anayekamua nguo, na ndani ya maji yale kikasikika kitoto kikilia chini, chini kabisa, na bibi, aliyekuwa hamtambui hata mwanawe, akasogeza kiti, akaweka shavu ukutani na kucheka taratibu: "Mdogo wangu, umelowa hivyo, njoo nikukaushe."

"Mama, anamjua," fundi alisema.

"Ni jini limejivika sauti yake. Kamwite mganga."

Mganga aliijua kazi yake. Alifukiza ubani, akasoma, akaupiga ukuta kwa kiganja, na ubaridi ukawapita miguuni kuelekea mlangoni. Ukuta ukakauka. Mama akashusha pumzi.

Bibi alibaki na shavu pale pale. "Mmemfukuza tena?" aliuliza.

Fundi hakuweza kuvumilia. Aibu na iwe aibu. Alichora jani upya, akapiga magoti mbele ya kiti. "Bibi, alikuwa anaitwa nani?"

Bibi alimtazama, midomo ikitafuta.

"Nani?" akauliza.

Fundi akamgeukia mama. Mama akatikisa kichwa huku akilia. Yeye alisimuliwa aibu tu, jina lilikuwa limekatazwa kutajwa kabla hajazaliwa. Jani likakauka vizuri, likiwa tupu.