Neno la Kupamba Barua

Kacha, kacha. Kulikuwa bado giza, lakini Kasuku alijua bila kufumbua macho kwamba mama anabonyeza-bonyeza kalamu yake. Ndivyo afanyavyo akiwa na jambo moyoni.

Asubuhi hiyo alikuwa anapeleka barua ya kuomba kazi ya mezani. Kiwanda cha sare, alikoshona matundu ya vifungo kwa miaka sita, kilitafuta mtu wa kuwajibu wateja wanaoandika kwa Kihispania. Mama alijifunza lugha hiyo jikoni kila jioni, na aliyemfundisha ni bintiye wa miaka kumi na miwili, aliyeisoma shuleni. Wenzake darasani walimwita Kasuku kwa sababu alikariri kurasa nzima bila kukwama.

Wiki iliyotangulia mama aliweka kidole kwenye neno *mediante* katika kitabu cha Kasuku. Kasuku hakulijua. Mwalimu alikuwa amelieleza darasani, akauliza nani hajaelewa, naye akanyamaza asije akachekwa.

"Ni la heshima tu, mama," alisema. "Linapamba barua."

Basi mama akapamba. Akalitia mahali panne, mara mbili kabla ya jina lake mwenyewe.

Jioni alirudi amekunja uso, akaketi bila kuvua viatu. Msimamizi aliisoma barua kwa sauti mbele ya mafundi wote, na tangu saa nne walikuwa wanamwita Mama Mediante. Ni mwenye kiwanda tu aliyemwonea huruma, akampa hadi Ijumaa alete nyingine. Kasuku alipandwa na hasira, akasema huyo msimamizi hana adabu.

"Hana, na nimemwambia," mama alijibu. "Sasa niambie wewe. Lile neno ulilijua?"

Kasuku akasingizia kwamba kitabu ndicho kilichosema hivyo. Mama akamsukumia kitabu mezani amwonyeshe. Kasuku akapekua, akapekua, mpaka machozi yakadondokea ukurasa.

"Sikulijua."

Mama hakumbembeleza. Asubuhi alimshika mkono hadi kwa mwalimu, naye akaeleza upya: neno hilo hutaja kile kinachotumika kufanikisha jambo, kama uzi unavyounganisha vitambaa, tena ni la barua rasmi, si la maongezi ya jikoni. Mama akaandika upya, akalibakiza mara moja tu: anaomba kazi *mediante esta carta*, kwa barua hii. Ijumaa akapewa meza. Msimamizi hakuomba radhi, wala mama hakujifanya amesahau.

Jumatatu, mama akimnyoosha Kasuku kola mlangoni, sauti yake ilikuwa bado kavu. "Kutojua kwako kusingenidhuru, mwanangu. Kilichoniaibisha ni kujifanya unajua. Kuuliza si ujinga, na anayekucheka ukiuliza, mwache acheke."

Siku hiyo mwalimu alimaliza somo jipya, akauliza kama kuna asiyeelewa. Kasuku akasimama. Nyuma yake mtu akaanza kucheka.

"Mimi sijaelewa," alisema.